Daftari la Majina Linapojaa: Ukomo na Kasi ya Hifadhidata

Mwishoni mwa Septemba mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipokuwa ukienea kwa kasi nchini Uingereza, maabara za huko zilikuwa zikipeleka kila siku majina ya watu waliopimwa na kuonekana wana virusi kwa idara ya afya ya umma, Public Health England. Majina hayo yalitakiwa yawafikie watumishi waliokuwa na kazi ya kuwapigia simu wagonjwa, kuwauliza wamekaribiana na nani, kisha kuwaonya watu hao wajitenge. Kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba, majina ya watu 15,841 hayakufika. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamekwisha kupewa majibu yao. Lakini waliokula nao, waliosafiri nao na waliofanya kazi nao hawakuonywa na mtu, kwa kuwa katika orodha za wafuatiliaji wagonjwa hao hawakuwamo.

Hapakuwa na mtambo ulioungua wala mwizi aliyeingia. Maabara zilikuwa zikipeleka majina katika faili za maandishi ya kawaida, ambazo hazina ukomo wa mistari. Idara iliyahamishia katika karatasi za hesabu za programu ya Excel, za muundo wa zamani uitwao XLS, ambao mstari wake wa mwisho ni wa 65,536. Kila mgonjwa alichukua mistari mingi, hata karatasi moja ikawatosha watu wapatao 1,400 tu. Karatasi ilipojaa, majina yaliyozidi yaliachwa nje, na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna lililopungua.

Mkasa huo unazusha maswali mawili yanayomhusu kila atunzaye orodha ya watu katika kompyuta, awe mkuu wa shule, mganga wa zahanati au katibu wa chama cha ushirika. La kwanza: kwa nini orodha ifike kikomo wakati diski ingali na nafasi tele, na kwa nini kikomo hicho kiwe 65,536, wala si 65,000 au 70,000? La pili: kwa nini orodha isiyojaa bado huweza kuwa nzito, hata jina moja likatafutwa kwa dakika nyingi?

Rekodi, sehemu na jedwali

Orodha iliyopangwa katika kompyuta ili itafutike kwa urahisi huitwa hifadhidata. Hifadhidata ya watu haina tofauti kubwa na daftari la mahudhurio. Kila mtu ana mstari wake, uitwao rekodi. Kila rekodi imegawanywa katika sehemu, kama vile jina, namba ya simu na anwani. Na rekodi zote za aina moja hufanya jedwali.

Tuseme jina limetengewa herufi 40, namba ya simu 15, anwani 80, kazi 25, tarehe 8 na maelezo mengine 32. Jumla ni herufi 200. Kwa kuwa herufi moja ya Kiswahili huchukua baiti moja, rekodi ya mtu mmoja ni baiti 200, na rekodi za watu milioni moja ni baiti 200,000,000, yaani megabaiti 200. Kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, yenye gigabaiti 32, ingeweza kubeba orodha 160 za namna hiyo. Ni dhahiri basi kwamba ukosefu wa nafasi si sababu ya kutosha. Sababu yenyewe hutokana na jinsi kompyuta inavyozipa rekodi namba.

Ukomo utokanao na namba

Karani mwenye kitabu cha stakabadhi chenye visanduku vitatu vya namba anaweza kuandika kuanzia 000 hadi 999, na si zaidi. Hata akipewa karatasi nyingi, stakabadhi ya 1,001 haina namba ya kuandikwa. Kompyuta nayo ina visanduku vyake, viitwavyo biti, lakini kila kisanduku huandikwa 0 au 1 tu. Visanduku viwili hutoa namba 4 tofauti, vitatu hutoa 8, na kila kisanduku kinachoongezwa huzidisha idadi mara mbili. Hivyo biti 8, ambazo ndizo baiti moja, hutoa namba 256. Biti 16 hutoa 65,536. Na biti 32 hutoa 4,294,967,296.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kwanza. Waliobuni muundo wa XLS waliupa kila mstari namba ya biti 16. Mstari wa 65,537 haukukatazwa na sheria yoyote. Haukuwa na namba ya kuitwa. Programu ya dBASE II, iliyotumika sana mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutunza orodha za wateja na wanachama, ilikuwa na ukomo wa rekodi 65,535 kwa faili moja. Muundo mpya wa Excel, ulioanza kutumika mwaka 2007, una mistari 1,048,576, yaani mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara 20. Kikomo hakikuondolewa, kilisogezwa mbele mara 16.

Mfano ulio karibu zaidi umo katika simu za mkononi. Kadi ya laini ya simu huweza kuhifadhi majina na namba, lakini kadi nyingi hukomea majina yapatayo 250. Katika kanuni za kadi hizo, namba ya rekodi hutunzwa katika baiti moja. Basi rekodi haziwezi kuzidi 255. Mtu aliyepata kuona simu yake ikikataa jina jipya kwa kuwa kadi imejaa, alikutana na hesabu ileile iliyowakuta watumishi wa afya wa Uingereza. Tofauti ni kwamba simu ilimwambia.

Ukomo mwingine unaojulikana ni wa gigabaiti 2. Namba ya biti 32 ikitengewa biti moja kuonyesha kama ni hasi au chanya, hubaki biti 31 za hesabu, nazo hufikia 2,147,483,648. Programu ikitumia namba ya namna hiyo kutaja mahali pa kila baiti ndani ya faili, basi faili haiwezi kuvuka gigabaiti 2. Faili za barua na anwani za programu ya Outlook, kwa matoleo yaliyotangulia lile la mwaka 2003, zilikomea hapo. Na faili moja ya Access hukomea hapo hadi leo. Ofisi nyingi zilizokuwa zikiongeza majina na barua mwaka baada ya mwaka, pasipo kutazama ukubwa wa faili, ziligutuka siku faili ilipokataa kufunguka.

Ukomo uliowekwa na watu

Si kila kikomo hutokana na biti. Baadhi huwekwa makusudi na wauzaji. Microsoft ilipotoa mwaka 2005 toleo la bure la hifadhidata yake, liitwalo SQL Server Express, iliruhusu gigabaiti 4 kwa kila hifadhidata; mwaka 2010 ikaruhusu gigabaiti 10. Mtambo wenyewe uliweza kubeba zaidi ya hapo. Aliyetaka zaidi alitakiwa kununua toleo la kulipia. Mwalimu au katibu anayechagua programu ya bure hana budi kujua kikomo chake kabla ya kuanza kuijaza, kwa sababu kuhama katikati ya safari ni kazi ngumu kuliko kuchagua vema mwanzoni.

Kinyume chake ipo hifadhidata ya bure iitwayo SQLite, iliyoanzishwa na Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000. Faili yake moja huweza kufikia terabaiti 281, kiasi kisichoweza kufikiwa na orodha yoyote ya majina ya watu. Hifadhidata hiyo ndiyo inayotunza majina katika simu za Android. Kwa hiyo simu ileile huwa na madaftari mawili: moja ndani ya kadi ya laini, lenye kujaa upesi, na lingine katika kumbukumbu ya simu, lisilojaa kwa majina.

Kutafuta mmoja kati ya milioni

Kuwa na nafasi ni jambo moja. Kumpata mtu ndani ya nafasi hiyo ni jambo jingine. Tuseme rekodi milioni moja zimewekwa kwa kufuata siku zilipoandikwa, bila mpango mwingine. Anayemtafuta mtu mmoja hulazimika kuanza rekodi ya kwanza na kuendelea. Kwa wastani atasoma nusu ya rekodi zote, yaani 500,000. Karani asomaye rekodi moja kwa sekunde, bila kulala wala kula, angetumia karibu siku 6.

Sasa tuseme rekodi zimepangwa kwa alfabeti. Karani hufungua katikati. Ikiwa jina analolitafuta huja baada ya lile analoliona, huiacha nusu ya kwanza yote na kufungua katikati ya nusu iliyobaki. Kila hatua hupunguza kazi kwa nusu. Hatua zinazohitajika ni hizi:

Rekodi 1,000: hatua 10
Rekodi 1,000,000: hatua 20
Rekodi 1,000,000,000: hatua 30

Yafaa jambo hili litazamwe kwa makini. Orodha imekua mara elfu, lakini kazi imeongezeka kwa hatua 10 tu. Karani yule wa siku 6 sasa angemaliza kwa sekunde 20, na katika orodha ya watu wote wa dunia, ambao ni zaidi ya bilioni 8, angemaliza kwa hatua 33. Wanafunzi wa hisabati watatambua kwamba hii ndiyo logi ya kizio 2.

Mti wa Bayer na McCreight

Mpangilio wa alfabeti una taabu yake. Akija mtu mpya aitwaye Abdi, hapana budi wote wanaomfuata wasogezwe nafasi moja, na katika orodha ya milioni moja karibu wote watasogea. Kutafuta ni kwepesi, lakini kuongeza ni kuzito.

Mwaka 1970 Rudolf Bayer na Edward McCreight, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya utafiti ya kampuni ya Boeing, walipata njia ya kuunganisha wepesi wa kutafuta na wepesi wa kuongeza. Mpango wao huitwa mti-B. Badala ya kuzisogeza rekodi zenyewe, hutengenezwa faharasa kando, kama faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu. Faharasa hiyo hugawanywa katika kurasa. Ukurasa wa kwanza, uitwao shina, hauna rekodi za watu. Una vielekezi tu, vinavyosema: majina ya kuanzia hapa hadi pale yatafutwe katika ukurasa fulani. Ukurasa huo nao huelekeza kwingine, mpaka msomaji afike kwenye rekodi.

Ukurasa wa baiti 4,096 huweza kubeba vielekezi vipatavyo 200, ikiwa kila kimoja kinachukua baiti 20. Basi kwa kusoma kurasa tatu tu, mtu huweza kumfikia yeyote kati ya watu 200 × 200 × 200, yaani 8,000,000. Na jina jipya likija, hakuna kusogeza orodha nzima. Jina huandikwa katika ukurasa wake. Ukurasa ukijaa hukatwa sehemu mbili, na kielekezi cha sehemu mpya huongezwa katika ukurasa wa juu yake. Shina lenyewe likijaa, hukatwa pia, na shina jipya huzaliwa juu. Kwa namna hiyo matawi yote hubaki na urefu mmoja. Hifadhidata nyingi zitumikazo leo, pamoja na ile iliyomo katika simu za Android, zimejengwa juu ya mti huo au ndugu zake.

Faharasa haiji bure

Faharasa ya majina humsaidia anayetafuta kwa jina. Haimsaidii anayejua namba ya simu na kutaka kujua mwenyewe ni nani. Huyo hurudi kwenye taabu ya kusoma rekodi zote, mpaka itengenezwe faharasa ya pili, ya namba. Vilevile faharasa haimsaidii anayekumbuka herufi za katikati ya jina tu, kama vile asiyejua kamusi itafutwe wapi neno ambalo herufi yake ya kwanza ameisahau.

Mtu angeweza kudhani kwamba dawa ni kutengeneza faharasa kwa kila sehemu. Lakini kila faharasa huchukua nafasi, na kila mtu mpya anapoandikishwa, faharasa zote hazina budi kusahihishwa. Hifadhidata yenye faharasa kumi huandika mara kumi na moja pale ambapo isiyo na faharasa huandika mara moja. Mpangaji mwenye busara huanza kwa kuuliza ni maswali gani yataulizwa mara nyingi, kisha hutengeneza faharasa za maswali hayo tu.

Kumbukumbu ya karibu na ya mbali

Watumiaji wengi wameona ajabu hii: hifadhidata hufanya kazi kwa wepesi kwa miaka, kisha ghafula huwa nzito, ingawa majina yaliyoongezwa ni machache. Sababu iko katika tofauti ya mahali pa kutunzia. Kompyuta ina kumbukumbu ya ndani, iliyo ndogo na ya haraka, na ina diski, iliyo kubwa na ya polepole. Kufikia jambo lililo katika kumbukumbu ya ndani huchukua kama sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Diski za kisasa zisizo na sehemu zinazozunguka huchukua kama sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Diski za sumaku zinazozunguka huchukua kama sehemu moja ya mia ya sekunde.

Namba hizo ni ndogo mno kwa hisia za binadamu. Basi na zikuzwe. Ikiwa kumbukumbu ya ndani ingejibu kwa sekunde 1, diski ya kisasa ingejibu baada ya dakika 17 hivi, na diski izungukayo ingejibu baada ya saa 28. Maadamu faharasa zote zinaenea katika kumbukumbu ya ndani, majibu huja upesi. Siku zinapozidi kidogo tu, kompyuta huanza kwenda diskini mara kwa mara, na kila safari ni ndefu. Kabla ya kununua kompyuta mpya kwa gharama kubwa, yafaa ichunguzwe kama kumbukumbu ya ndani kuongezwa, au rekodi za zamani kuhamishiwa katika faili ya akiba, hakutatosha.

Mtu mmoja, majina matatu

Orodha za watu zina tatizo ambalo orodha za vipuri hazina. Mtu mmoja huweza kuandikwa Mohamed leo, Muhammad kesho na Mohammed keshokutwa, na kompyuta ikaona watu watatu. Ili kuwaondoa waliorudiwa, njia ya wazi ni kumlinganisha kila mtu na kila mwingine. Idadi ya jozi ni n(n − 1) ÷ 2. Kwa watu 1,000 jozi ni 499,500, kazi ndogo kwa kompyuta. Kwa watu milioni moja jozi ni 499,999,500,000. Kompyuta ilinganishayo jozi milioni moja kwa sekunde ingehitaji tena karibu siku 6. Hapa watu wameongezeka mara elfu, na kazi imeongezeka mara milioni.

Njia ya kujinusuru ni kuwagawa watu kwanza katika makundi ya majina yanayofanana kwa sauti, kisha kulinganisha ndani ya kila kundi tu. Kanuni moja ya namna hiyo, iitwayo Soundex, ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1918 kwa jina la Robert Russell, kabla kompyuta hazijabuniwa. Huihifadhi herufi ya kwanza, huziacha irabu, na huzipa konsonanti zinazokaribiana tarakimu moja. Kwa kanuni hiyo Mohamed, Muhammad na Mohammed wote huwa M530. Hata hivyo kanuni hiyo iliundwa kwa kufuata matamshi ya Kiingereza, kwa hiyo si kila jina la kwetu hupata haki yake. Kuunda kanuni iliyo bora kwa majina ya Afrika Mashariki ni kazi inayoweza kuanzwa na wanafunzi wenyewe darasani.

Kuhesabu kinachoingia na kinachotoka

Huko Uingereza dawa ya haraka ilikuwa kuzigawa faili kubwa ziwe ndogo, ili kila moja ienee katika karatasi yake. Lakini somo kubwa zaidi halikuhitaji elimu ya biti. Mtunza fedha hafungi sanduku kabla ya kulinganisha jumla ya stakabadhi na jumla ya fedha. Hali kadhalika, orodha inapohamishwa kutoka mahali hadi mahali, idadi ya rekodi zilizotoka yapasa ilinganishwe na idadi ya zilizoingia, na tofauti ya hata rekodi moja isimamishe kazi. Kama hesabu hiyo ingalifanywa kwa kila faili, upungufu ungalionekana siku ya kwanza.

Hifadhidata iliyojaa na kusema imejaa huleta usumbufu. Hifadhidata iliyojaa na kunyamaza huleta hasara, na pale orodha inapokuwa ya wagonjwa, hasara hiyo huangukia watu wasiojua hata kwamba majina yao yalikuwa mahali fulani yakisubiri kusomwa.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Shule imeamua kutumia namba ya usajili ya biti 12. Ni wanafunzi wangapi wanaoweza kuandikishwa?

2. Shule ina wanafunzi 1,200. Ikiwa orodha imepangwa kwa alfabeti, hatua ngapi hutosha kumpata yeyote? Ni jozi ngapi zingelinganishwa ili kuwapata walioandikwa mara mbili?

3. Andikeni majina 64 katika vikaratasi. Mwanafunzi mmoja atafute jina katika rundo lisilopangwa, na mwingine katika rundo lililopangwa kwa alfabeti kwa njia ya kukata nusu. Rudieni mara kumi kwa majina tofauti, mwandike wastani wa hatua, kisha mlinganishe na hesabu zilizoelezwa hapo juu.

Majibu: (1) 4,096. (2) Hatua 11, jozi 719,400.